Siku Mwenyekiti Aliposhuka Jukwaani

Mwenyekiti wa mkutano wa mji, ule wa kila mwaka ambapo wakazi wote hupiga kura, hapa kwetu East Pomeroy, milimani katika jimbo la Vermont, Marekani, halipwi chochote. Anapewa nyundo ndogo ya mbao na haki ya kumnyamazisha yeyote, hata mchungaji. Yeye naye anaacha kitu kimoja tu, maoni yake. Akishapanda jukwaani hana upande. Akitaka kuitetea au kuipinga hoja, sharti amkabidhi mtu mwingine nyundo, ashuke, apange foleni kwenye kipaza sauti kama raia yeyote.

Lorna Tatro alikuwa hajashuka hata mara moja kwa miaka kumi na minane.

Watu walisema ana sikio. Kura zetu nyingi ni za sauti: wanaokubali wanasema ndiyo kwa pamoja, wanaokataa wanasema siyo, kisha mwenyekiti anatamka upande upi umezidi. Inahitaji mtu asiyesikia anachotaka kusikia. Lorna alizaliwa shambani juu ya Barabara ya Kinu, katika nyumba ya watoto saba waliokuwa wakigombea maziwa, na alisema huko ndiko alikojifunza kupima kelele. Baadaye alifanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha mabakuli ya mbao, akawa msimamizi wa wanaopiga msasa. Kiwanda kilipofungwa, alileta nyumbani bakuli moja lenye ufa na kikohozi cha vumbi. Bima yake ya matibabu ilibaki kiwandani.

Mumewe Emile alikuwa amemzidi umri na alishaingia katika bima ya serikali ya wazee, ile inayoanza ukifikisha miaka sitini na mitano. Lakini bima hiyo ni ya mtu mwenyewe tu, haimbebi na mkewe. Lorna alikuwa na sitini na mitatu. Akanunua bima ya bei rahisi kuliko zote, ya aina tunayoijua sote: unailipia kila mwezi, lakini ukiugua unaanza kulipa wewe, maelfu ya dola, hadi ufikie kiwango walichokiweka, ndipo wao waamke usingizini.

Hivyo akawa anasubiri. Wengi hapa kwetu wanasubiri. Ukimwuliza mtu mwenye sitini na miwili kwa nini anachechemea, atakwambia goti lake lina miaka mitatu bado. Tunaisubiri sitini na tano kama wakulima wengine wanavyosubiri mvua, na tunazikana tukisubiri.

Jumapili kabla ya mkutano, Lorna alikuwa akikwangua theluji juu ya paa la banda la kuku. Maumivu yakamshika kwenye taya, yakashuka mgongoni katikati ya mabega. Jasho likamtoka katika baridi ile. Akadhani ni jino. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na Emile akamwona kupitia dirisha la jikoni, akatoka.

"Mama, una nini?"

"Jino."

"Jino gani linamkalisha mtu kwenye ndoo?"

"Jino langu. Lina tabia zangu."

Emile akataka kumpeleka hospitali, ng'ambo ya mlima, mwendo wa saa nzima barabara ikiwa safi. Lorna akakataa. Jumanne ni siku ya mkutano, alisema, na Jumanne ikipita, wataona. Usiku ule alilala ameketi kitini. Haya Emile alitusimulia baadaye, kwa shida, maana Emile si msemaji. Katika miaka yote ya ndoa yao alikuwa hajawahi kusimama mkutanini kusema neno.

Jumanne asubuhi ukumbi wa michezo wa shule ulijaa. Sakafu ilikuwa na madimbwi ya theluji iliyoyeyuka, wanawake wamekuja na nyuzi zao za kufuma, wanafunzi wa darasa la nane wanauza mikate ya tofaa mlangoni. Lorna alipanda jukwaani amejishika kwenye reli. Tuliomwona tulidhani ni uzee. Aligonga nyundo, akasoma tangazo la mkutano, tukaanza. Kokoto za barabara zikapita. Gari jipya la zimamoto likabishaniwa mpaka watu wakachoka, likapita. Kila alipogonga nyundo alitumia mkono wa kulia, na wa kushoto akauacha mapajani.

Adhuhuri kina mama wa kanisa wakapakua maharage ya kuoka, nyama ya nguruwe na makaroni. Lorna hakushuka kula. Emile akampelekea sahani jukwaani.

"Kula kidogo."

"Siwezi."

"Basi twende. Pikapu iko mlangoni."

"Baada ya hoja ya kumi na nne, Emile. Wamekuja watu ambao hawajakanyaga hapa miaka kumi. Nikiondoka sasa watasema nimekimbia."

"Wacha waseme."

"Huko hospitali wataniweka kitandani, wanifunge mawaya, mwisho waniambie ni gesi ya tumbo. Halafu tuuze msitu wetu kulipia gesi." Akajaribu kucheka. "Nenda kakae. Umesimama mbele ya watu kama bwana harusi."

Emile akashuka, akakaa safu ya kwanza, sahani imelala mapajani mwake. Hakuila.

Hoja ya kumi na nne ilitoka kwa Prudence Hazelton, muuguzi mstaafu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamsha wagonjwa. Alitaka mji wetu uungane na miji miwili jirani, tufungue zahanati katika jengo la zamani la kiwanda cha maziwa. Awepo muuguzi mwenye leseni ya kutibu, daktari aje mara moja kwa wiki, na gharama itoke kwenye kodi ya mji. Mkazi akiingia mlangoni asiulizwe kadi.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema Prudence, "theluji ikianguka, gari la kuikwangua linapita mbele ya kila nyumba. Halisimami kuuliza nani ana bima ya theluji. Nyumba ikiungua hatumpigii mtu wa bima simu huko Connecticut kuomba ruhusa ya kufungua bomba. Kwa nini tukiugua ndiyo tuombe?"

Makofi yakaanza. Lorna akagonga nyundo. Kwetu hakuna makofi mkutanini.

Hollis Bragdon alikuwa ameshafika kwenye kipaza sauti, kofia mkononi. Ana gereji chini ya daraja, na zaidi ya hapo yumo katika kikosi cha kujitolea kinachoendesha gari letu la wagonjwa. Ni mtu wa kubishana tangu utotoni. Lorna na yeye walisoma darasa moja.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba umwambie Prudence kwamba gari la theluji haliandiki dawa."

"Namwambia," Lorna akasema, kama sheria inavyotaka. Kwetu hatusemezani ana kwa ana. Kila neno linapitia kwenye kiti, hata tusi.

"Na umwambie dawa ya ugonjwa huu si kodi. Mimi gereji yangu nimebandika bei ukutani. Breki kiasi hiki, mafuta kiasi hiki. Ukiona ghali, unakwenda kwa yule fundi mwizi wa Barton. Hospitali nayo ibandike! Goti kiasi hiki, mtoto kiasi hiki. Mtu alipe vitu vidogo mwenyewe, bima ibaki ya mikosi mikubwa tu. Nani anatumia bima kubadilishia mafuta ya gari?"

"Mheshimiwa Mwenyekiti," mzee Orrin Sleeper akaita bila kusubiri foleni, "mwulize Hollis, mtu aliyelala chini anachagua bei vipi? Ataamka kwanza azunguke hospitali tatu, ndipo arudi alale?"

Ukumbi ukacheka. Lorna akagonga. Emile aliona nyundo ikitua pembeni ya kibao chake.

"Orrin, panga foleni."

"Nimepanga maisha yangu yote, mwanangu. Nina themanini na nne. Nasema hivi: zahanati ni bandeji. Dawa ni mfuko mmoja wa jimbo zima, kila mtu anachangia kwa kadiri ya kipato, kila mtu anatibiwa. Wakubwa wa jimbo walilisema jambo hilo, wakaona ni gumu, wakaliweka kabatini. Mji mdogo kama wetu ukijibebesha, tutaanguka. Nitapiga siyo."

Kwa hiyo Orrin na Hollis, waliokuwa hawajawahi kukubaliana hata juu ya hali ya hewa, wakawa upande mmoja kwa sababu mbili zinazopingana. Hivyo ndivyo mambo haya yalivyo kwetu. Kila mtu anaona ukuta umepasuka. Ugomvi ni nani apande ngazi, na ngazi ya nani.

Akaja Tamsin Kobel, anayefuga ng'ombe huko bondeni, mtoto mgongoni. "Mheshimiwa Mwenyekiti, mume wangu anaendesha gari saa nzima kila alfajiri kwenda kubeba makasha kwenye ghala. Hatuhitaji mshahara ule kama tunavyohitaji kadi ya bima. Ng'ombe arobaini nakamua peke yangu. Nimemkodisha mume wangu kwa kadi." Watu wakacheka kidogo, yeye hakucheka. "Kama zahanati ingekuwepo angalau kwa homa za watoto, tungethubutu akarudi nyumbani. Ni hilo tu."

Lorna alikuwa ameinama. Kwa sisi wa nyuma ilionekana kama anasoma. Emile aliona midomo yake imekuwa ya kijivu, rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Akainuka nusu. Lorna akamtazama, naye akarudi chini.

Hollis akarudi kwenye kipaza sauti. Alikuwa na haki ya kusema mara ya pili.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, tumesikia habari za fulani na fulani. Mimi naomba uulize ukumbi huu, kupitia kiti. Ni nani hapa, leo hii, anaumwa na hajaenda kutibiwa kwa kuogopa gharama? Si binamu yake, si jirani. Asimame tumwone. Wakisimama kumi, mimi mwenyewe nitapiga ndiyo."

Haikuwa dhihaka. Alituambia baadaye kwamba alitaka kweli kujua. Yeye ndiye anayegongewa mlango watu wakianguka, na amewaona wakimsukuma mkono wakisema hapana, nitapelekwa na shemeji. Lakini kumwambia mtu wa East Pomeroy asimame mbele ya wenzake atangaze kwamba ameshindwa, ni kumwomba avue nguo. Hollis alilijua hilo pia.

Lorna alikuwa na wajibu wa kulirudia swali. Akasimama, kiganja juu ya meza.

"Hollis Bragdon anauliza kupitia kiti." Pumzi ikamkatika, akaitafuta. "Kama yupo hapa mtu anayeumwa na hajaenda kutibiwa kwa kuogopa gharama. Asimame."

Viti vya chuma vikalia. Hakuna aliyesimama. Wanawake wakashusha macho kwenye nyuzi zao. Mimi nilikuwa na uvimbe chini ya kwapa tangu vuli, na nilikuwa naangalia saa ya ukutani.

Kisha Emile akasimama.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema. Sauti yake ilikuwa ngeni hivi kwamba watu wa nyuma waliuliza ni nani. "Mimi si mgonjwa. Nasimama kwa niaba ya mtu mwingine."

Mke na mume wakatazamana.

"Huruhusiwi," Lorna akasema. "Swali limesema si jirani, si binamu. Mtu ajisemee. Kaa chini."

"Mheshimiwa Mwenyekiti..."

Nyundo ikalia. "Kaa chini, Emile!"

"Basi natoa pendekezo," Emile akasema. "Mkutano upumzike nusu saa."

Pendekezo la kupumzika halijadiliwi. Likiungwa mkono, linapigiwa kura papo hapo. Tamsin akaliunga mkono, nadhani kwa huruma tu, maana hakuna aliyejua huyu mzee amepatwa na nini. Wengine walikuwa wanaangalia madirisha. Theluji ilikuwa imeanza tena, na ng'ombe wanakamuliwa saa kumi.

"Wanaotaka tupumzike waseme ndiyo," Lorna akasema.

Ndiyo ikatoka, nyembamba, hapa na pale.

"Wasiotaka waseme siyo."

Siyo ikajaa ukumbi.

Emile alikuwa akimwangalia kwa macho ya kuomba. Hakuna ambaye angebisha. Angesema tu kwamba ndiyo imezidi, watu wangenung'unika, wangekwenda kunywa kahawa, naye angepita mlango wa nyuma mpaka kwenye pikapu. Tungeamini sikio lake, kama siku zote.

"Siyo imezidi," Lorna akasema. "Hatupumziki."

Emile akakaa, akafunika uso kwa mikono.

Lorna alikuwa angali amesimama, anaitazama nyundo. Akageuka kwa Delphine Roy, karani wa mji, aliyeketi pembeni yake.

"Delphine, chukua."

"Nichukue nini?"

"Kiti. Nataka kuizungumzia hoja."

Delphine akaipokea nyundo kama mtu aliyekabidhiwa mtoto asiye wake. Lorna akashuka ngazi za jukwaa, moja, akapumzika, nyingine. Emile akamkimbilia, akamshika kiwiko. Foleni ya kipaza sauti ikafunguka. Hollis alikuwa bado pale, akasogea.

"Naitwa Lorna Tatro, wa Barabara ya Kinu," akasema, kwa sababu kila msemaji sharti ajitambulishe, hata kama amezaliwa nanyi. "Hollis ameuliza nani. Ni mimi. Tangu Jumapili. Taya, mgongo, na sasa mkono huu. Najua si jino." Akapumua. "Bima ninayo. Inakaa kwenye droo. Sijui kama zahanati ndiyo jibu, Orrin, huenda uko sahihi. Ninachojua, ingekuwepo pale kwenye jengo la maziwa, ningekwenda Jumatatu asubuhi kuuliza tu. Kuuliza hakungenigharimu msitu."

Akaanza kuanguka. Emile na Hollis wakamdaka pamoja.

Prudence akawa ameshafika, vidole shingoni mwa Lorna, anatoa amri. Mtu akimbie duka la dawa alete aspirini. Mtu afungue milango. "Gari la wagonjwa, Hollis, sasa hivi!"

"Hapana," Lorna akasema kutoka sakafuni. "Emile ana pikapu."

"Pikapu haina mashine ya kushtua moyo," Prudence akasema.

"Emile ana pikapu."

Hollis akapiga magoti kando yake. Sheria haimruhusu kumbeba mtu mwenye akili timamu asiyetaka. Tulikuwa tumewazunguka, mji mzima, na sidhani kama yupo aliyeshangaa kumsikia akikataa. Hilo ndilo ninalolifikiria mara kwa mara. Hatukuona kichaa chochote ndani yake. Wengi wetu tulikuwa tukipiga hesabu ile ile kimoyomoyo.

"Lorna," Hollis akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile hakupitia kwenye kiti. "Nimewachukua njiani watu waliochagua pikapu. Nimewapeleka wakiwa wameshafunikwa shuka. Sikubali kukupeleka hivyo. Sema ndiyo, we mwanamke mbishi. Siwezi kukugusa mpaka useme."

"Mtanitoza."

"Tutakutoza. Utanitukana mwezi mzima. Sema."

Lorna akamtazama Emile. Theluji ilikuwa inapiga vioo vya juu.

"Ndiyo," akasema, kwa sauti ambayo kutoka jukwaani asingeisikia yeye mwenyewe.

Walivuka mlima nyuma ya gari la theluji lililowafungulia njia, Emile akiwafuata kwa pikapu. Moyo wake ulisimama mara moja kabla ya kufika, na mashine ikaurudisha. Hospitalini wakaingiza kibomba cha waya kwenye mshipa ulioziba. Sehemu ya misuli ya moyo ilikuwa imeshakufa. Daktari alimwambia Emile kwamba ilikufa kati ya Jumapili na Jumanne.

Emile aliruhusiwa kumwona kesho yake asubuhi. Alimkuta amefumba macho, lakini alikuwa macho.

"Imepita?" Lorna akauliza.

"Nini?"

"Hoja, Emile. Nini kingine?"

"Imepita. Delphine aliitisha kura ya karatasi. Imepita kwa wingi."

Lorna akageuzia uso wake ukutani.

"Hawakuipigia zahanati," akasema. "Wamelipigia kura taya langu."

"Basi taya limefaa."

"Halikufaa. Orrin alikuwa na hoja nzuri, hakuna aliyemjibu. Mwakani watasikia kodi, watakumbuka kwamba walimlilia mtu, wataifunga. Na mimi kile kiti siwezi kukikalia tena. Nimeshasema upande wangu. Nikitangaza ndiyo imezidi, kuna atakayejiuliza."

"Wampe Delphine."

"Delphine anasikia kwa macho." Akataka kucheka, maumivu yakamkataza.

Msichana wa ofisi akachungulia mlangoni, akauliza kwa upole kama familia imekuja na kadi ya bima. Emile akamwambia iko nyumbani, kwenye droo. Msichana akasema hakuna haraka, akaondoka. Mara alipoondoka, Lorna akaanza kujisogeza ukingoni mwa kitanda, mawaya yakivutika kifuani.

"Wanataka nilale siku mbili zaidi," akasema. "Za nini? Bomba wameshaweka. Kitanda hiki kimoja ni bei ya ng'ombe. Niokotee buti zangu hapo chini."

"Hazipo."

"Nilikuja nazo."

"Nimezipeleka kwenye pikapu," Emile akasema. "Nimeifunga, na ufunguo ninao mimi." Akavuta kiti, akakiweka kati ya kitanda na mlango, akakaa.